Waliohesabiwa Nyumba ya Mwisho

Jua lilikuwa linazama, nafunika cherehani yangu, mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuniomba nimpeleke karani wa sensa kwenye nyumba za kando ya mto. Nilikubali shingo upande. Wakubwa wa wilaya walishatujibu kwamba sisi ni wachache mno, kijiji kama chetu hakijengewi daraja wala barabara.

Wachache! Tulikuwa wachache kwa sababu tulikuwa tunakufa njiani.

Mdogo wangu alifia mtoni, amelazwa juu ya kitanda mabegani mwa wanaume, uchungu umemshika na maji yamejaa. Basi lilikuwa linaishia njia panda, ng'ambo. Alikufa anasikia honi yake.

Nilimweleza karani yote hayo tukiwa tunatembea. Alikuwa kijana mpole, amekumbatia kishikwambi chake kama mtoto. Akasema yeye hapangi chochote, anahesabu tu. Nikamjibu basi ahesabu vizuri.

Tulipomaliza nyumba zenye watu nikageuka kurudi.

"Na ile yenye taa?" akauliza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa imehamwa tangu mafuriko. Mwenyewe aliipigilia mlango misumari akaenda kuishi kwa mwanawe. Sasa mlango ulikuwa wazi...

Harufu ya maji yaliyolala ikatufikia. Kisha sauti, kama watu wengi wanaovuta pumzi kwa pamoja.

Nilimshika karani mkono. Alishapiga hodi.

"Karibu," mtu akanong'ona. "Tulikuwa tunakusubiri."

Walikuwa wameketi sakafuni, wamebanana ukuta hadi ukuta. Taa haikuwepo. Palikuwa na mwanga tu, usio na unakotoka. Nikamtambua seremala aliyeumwa na nyoka tukakosa gari la kumkimbiza hospitali. Nikamtambua mwalimu wetu wa kike, yule wa pumu. Nyuma yao, watoto wa surua.

Wote tuliwazika.

Karani alikuwa mgeni, hakumjua hata mmoja. Aliwauliza kwa adabu, nao wakamjibu kwa zamu, sauti chini, majina na umri. Nilitaka kupiga kelele.

Ndipo nikamwona. Amekaa pembeni, khanga imemgandia mwilini, kichanga kifuani.

"Dada," akaninong'oneza, "mwambie tuko wawili."

Hofu ikaniisha pale pale. Ikabaki hasira, na haikuwa juu yao.

"Andika wawili," nikamwambia karani.

Akaandika.

Tulipotoka mwanga ukazimika. Karani akageuka, akaona mlango umepigiliwa misumari, kutu tupu. Akaniuliza wale walikuwa nani. Nikamwambia ni watu wa hapa. Akataka kufuta aliyoyaandika.

"Ukifuta," nikasema, "utaingia tena kuwaeleza mwenyewe."

Hakufuta. Hatukumwona tena. Mwenyekiti alisikia kwamba aliacha kazi, na kwamba siku hizi halali peke yake.

Barabara ikaja, na daraja likaja. Wakubwa walifika wakakata utepe, wakatupongeza kwa kuongezeka. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikunja mikono, maana sisi tulio hai ndio walewale tulioambiwa hatutoshi.

Asubuhi basi lilipofika kwetu kwa mara ya kwanza, kondakta aliteremka akatuzuia mlangoni. Uso ulikuwa umempauka. Akasema limejaa.

Tukachungulia. Viti vyote vitupu.

Watu wakarudi nyuma, mmoja mmoja. Mimi damu ikanichemka. Miaka yote ile tunalilia basi, halafu lifike nirudi nyumbani bila kulipanda? Nikamsukuma kondakta, nikapanda hadi kiti cha mbele, nikainama.

"Sogeeni kidogo," nikasema.

Kiti kikalia. Kuna mtu alijisogeza.