Nilingoja Ruhusa, Mwanangu Akaniponyoka

Nimepita miaka themanini, wapenzi wasomaji, na skuli sikwenda. Nilisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Lakini majina siyasahau. Wakati wa mkasa huu nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mke wa Bwana Shee, huku kwetu Faza, kisiwani, enzi za Mwingereza. Mwanangu wa kwanza, Twalibu, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa.

Mume wangu alikuwa mikokoni, upande wa bara, akikata boriti. Siku hizo mke hakuvuka maji bila ruhusa ya mumewe. Si kwamba nilifungwa kamba... ndivyo nilivyolelewa!

Asubuhi moja Twalibu alipiga ukelele, akakunja magoti mpaka tumboni, akatapika. Kisha akanyamaza, akalala kama hana neno. Nikashukuru. Kumbe! Kilio kikarudi, kikaenda, kikarudi. Mavyaa wangu, mamake Bwana Shee, Bi Mwanaisha, akasema ni mchango, msokoto wa tumbo wa watoto. Akaitwa Bi Rukia mkandaji, akamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi. Mtoto akanyweshwa dawa ya mizizi, akaitapika yote.

Kesho yake nikafungua winda, kitambaa alichofungwa mtoto... damu, imechanganyika na makamasi! Wifi yangu Mwanamkuu akasema twende spitali, Lamu. Bi Mwanaisha akakataa, huku machozi yanamtoka. Huko watampasua, akasema, na baba yake hayupo. Ikakatwa shauri shemeji yangu Omari aende mikokoni kuomba ruhusa.

Nikakaa mlangoni na mtoto mapajani. Ningefanya nini? Kila akilia namwambia nyamaza baba, ami yako Omari yuko ndiani, yuaja. Tumbo likafura, likawa gumu kama ngoma...

Omari akarudi siku ya pili, alasiri. Hakunitazama.

"Kaka asema mngoje. Asiende."

Nikangoja! Wasomaji wangu, nilingoja...

Twalibu alipoishiwa hata na nguvu za kulia, Bi Mwanaisha alivua buibui lake akanifunika nalo.

"Haya mwanangu, twende. Shee nitamjibu mimi."

Tulipofika kwa mashua, tabibu wa Lamu alimpapasa tumbo, akauliza imeanza lini. Akatueleza kwamba utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa kanzu unavyoingia ndani ukiivua vibaya. Nikamwambia, kama ni kisu basi mpasue, ruhusa nakupa mimi.

"Hakukutakiwa kisu, mama," akasema. "Ungemleta mapema, ningemtilia maji ya vuguvugu kwa mrija wa mpira, kutoka chini, polepole, yausukume utumbo urudi mahali pake. Mwana wa kijiji cha Matondoni aliletwa siku ile ile, akapona. Huyu utumbo umeshakufa. Nikitia maji utapasuka, na kisu hana nguvu ya kukihimili."

Maji! Na sisi tumezungukwa na maji pande zote...

Twalibu alikata roho mapajani mwangu kabla ya adhana ya adhuhuri.

Bwana Shee aliporudi nilimwuliza kwa nini alinikataza. Akanikodolea macho.

"Omari? Omari sikumwona, mke wangu."

Akaitwa, akakiri: hakufika mikokoni! Alishukia kisiwani Ndau, kwenye harusi ya rafiki yake, akacheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, mpaka akachelewa. Akaona haya kurudi bila jibu, akatunga moja. Alidhani ni mchango tu, utapoa wenyewe...

Nilimfanya nini? Sikumfanya kitu. Nilimpikia mpaka alipokufa, na kila nikimpakulia wali namwona Twalibu.

Wazazi wenzangu, mtoto mchanga akilia kwa vipindi, akikunja miguu na kutapika, ule utulivu wa katikati usiwadanganye. Msimkande, msimnyweshe kitu, msingoje damu. Kimbieni naye spitali, nawasihi!

Nami kila mwanangu wa kiume aliyeoa nilimwambia: ukienda safari, ruhusa ya spitali iache nyumbani. Yangu mimi ilikuwa mikokoni, na hakuna aliyekwenda kuichukua.