Mshipi wa Fimbo ya Shangazi

Hapana, hakuivunja. Nani kawaambia aliivunja? Angeivunja ingekuwa afadhali, maana fimbo iliyovunjika kila mtu anaiona, kelele zinapigwa, zinaisha. Yule msichana aliificha tu nyuma ya tangi la maji kwa muda mfupi, halafu akaichukua nzima, haina hata mkwaruzo. Na balaa lilianzia hapohapo. Sogeeni basi, mkinikatiza nitapotea njia, na mimi nikipotea narudi kwa shida.

Msichana mwenyewe walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa na mdomo. Akiamka anasema, akipiga mswaki anasema, povu linatoka na maneno yanatoka. Alikuwa darasa la sita, anakaa na bibi yake na shangazi yake kwenye nyumba ndogo karibu na mto. Asubuhi anafagia uwanja, anakimbilia shule. Jioni anamsaidia shangazi kukausha vifaa vya kuvulia.

Shangazi kazi yake ilikuwa hiyo, kwenye kambi ya wageni kule mtoni: kuwafundisha watu kuvua kwa ndoana iliyovishwa manyoya, ikafanana na inzi. Sasa fikirini wenyewe. Ndoana ya kawaida inafungiwa chubwi, kile kipande cha risasi, ukirusha uzito unakwenda na uzi unafuata. Lakini inzi wa manyoya ana uzito gani? Hana. Ukimrusha peke yake anarudi kukutua puani. Kwa hiyo mshipi, ule uzi wenyewe, ndio unaokuwa mzito. Unaikunja fimbo, fimbo inajikunjua kwa nguvu, na mshipi unaruka na inzi wake. Mshipi ukiwa mwepesi kuliko fimbo inavyotaka, fimbo haikunjiki, na kila kitu kinakuangukia miguuni kama nguo iliyotoka kambani.

Basi shangazi aliteleza kwenye mawe, akavunjika bega. Akakaa nyumbani muda mrefu, ananung'unika, anamgombeza paka. Bega lilipounga, daktari akamwambia asirushe kwa mkono mmoja tena, ila kwa mikono miwili anaweza. Akatafuta fimbo ya mikono miwili. Ndefu, bwana! Ukiisimamisha inapita paa. Fimbo akaipata, ikabaki mshipi wake, na mwenye kambi alikuwa ameshasema: "Jumamosi njoo urushe nikuone. Ukifikisha ng'ambo, kazi yako ipo. Usipofikisha, nitamchukua kijana mmoja anayeitaka kazi hiyo."

Siku ya kwenda kununua mshipi ikagongana na siku ya daktari. Shangazi akamwita Chiriku.

"Nenda na fimbo kwa fundi wa mishipi. Usitaje namba tu, ile saba iliyoandikwa mpinini, unanisikia? Mwonyeshe fimbo yenyewe. Mwambie mto wetu ni mpana na nyuma kuna miti. Airushe kule kiwanjani kwake mpaka aridhike."

"Nimesikia, shangazi. Mimi mtoto mdogo?"

"Wewe mdomo mkubwa. Nenda."

Chiriku akaibeba ile fimbo begani. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kinyozi akakutana na wenzake wa darasani, na mmoja wao, yule waliyemwita Meno, akapiga kelele: "Jamani, Chiriku anakwenda kupandisha bendera!" Mwingine akadakia, "Hapana, anakwenda kuchokonoa mawingu, mvua inyeshe!" Wakacheka mpaka kinyozi akatoka na mkasi wake kuangalia. Chiriku, yule mwenye jibu la kila kitu, akainama, akapita haraka. Uso ukamwaka moto. Alipofika karibu na duka la fundi akaona tangi la maji, akaisukuma fimbo nyuma yake, akaingia dukani mikono mitupu.

Na nani yuko ndani? Meno, amemfuata, anajidai kuchagua ndoana.

Fundi alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akauliza, "Fimbo iko wapi, mwanangu?"

"Iko nyumbani. Ni namba saba."

"Namba saba ya mkono mmoja, siyo? Maana kuna saba na saba. Ya mikono miwili mshipi wake ni mzito, zaidi ya mara mbili ya ule wa mkono mmoja."

Chiriku akamtazama Meno. Meno akatabasamu, yale meno yote nje. Chiriku akasema, "Ya mkono mmoja."

Neno dogo hilo. Fundi akafunga mshipi namba saba wa rangi ya machungwa, mzuri kuutazama, Chiriku akatoka nao, akaichukua fimbo nyuma ya tangi. Nyumbani shangazi akauliza, "Mlijaribu?" Chiriku akasema, "Tulijaribu, fundi karidhika." Shangazi akampapasa kichwa. Usiku ule Chiriku aligeuka kitandani kama chapati kikaangoni, lakini akajiambia: saba ni saba, itakwenda tu.

Jumamosi ikafika. Mwenye kambi alisimama ukingoni na wapagazi wawili, bibi kakaa juu ya jiwe na mwavuli wake, Chiriku nyuma yake. Shangazi akaingia majini mpaka magotini. Akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaizungusha vizuri, akarusha.

Mshipi ukaanguka mbele yake, chapa!

Akarusha tena kwa nguvu zaidi. Fimbo ilikuwa imenyooka kama ufagio, haikunjiki hata kidogo. Mshipi ukapanda hewani, ukakosa pa kwenda, ukashuka ukamfunika shangazi kichwani kama wavu. Mpagazi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Shangazi akautoa mshipi usoni polepole. Akarusha tena na tena, jasho likamtiririka, mpaka mwenye kambi mwenyewe akaona haya kutazama.

"Basi, mama," akasema kwa upole. "Bega halijawa tayari. Usijiumize."

"Ni kweli," shangazi akajibu. "Mkono wangu umekufa. Mchukue yule kijana."

Chiriku alikuwa anajua. Alipoiona fimbo imenyooka vile alijua palepale. Mdomo wake uliokuwa haupumziki ukawa mzito kama una mchanga. Alisema neno? Hakusema. Wapagazi wanatazama, mwenye kambi anatazama, akaona ni watu wengi mno. Akainama akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba.

Njiani shangazi alitembea mbele, anauzungumzia mkono wake kama mtu mbaya. "Mkono gani huu! Nimeulisha, nimeupeleka hospitali, leo unanitupa mbele ya watu." Halafu akageuka, akamwambia Chiriku jambo lililomchoma kuliko fimbo ya mwalimu: "Wewe lakini usisikitike, mwanangu. Wewe ulifanya sehemu yako vizuri."

Nyumbani bibi hakukubali. Akamkalisha shangazi kwenye kigoda, akamwamuru Chiriku ashike beseni la maji ya moto, akaanza kumkanda bega kwa kitambaa, akitafuta ugonjwa.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi, mama."

"Hapa je?"

"Hapaumi."

"Na hapa nyuma?"

"Mama, unanitekenya."

"Sasa maumivu yako wapi?" bibi akafoka. "Mkono unanyanyuka, unazunguka, hauumi popote. Mkono gani unakufa hauumi? Niambie!"

Chiriku alisimama pale na beseni. Maji yakaanza kutikisika, yakamwagika kidogo miguuni mwa bibi. Bibi akainua macho. "We mtoto, unatetemeka nini?"

"Siyo mkono," Chiriku akasema.

"Nini?"

"Siyo mkono wa shangazi. Ni mshipi. Hatukujaribu. Nilificha fimbo nyuma ya tangi kwa sababu Meno alinicheka. Fundi aliniuliza, nikamwambia ni ya mkono mmoja. Kisha nikakudanganya, shangazi. Na leo pale mtoni nilijua, nikanyamaza."

Bibi akakamua kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakauka. Chiriku alitamani apigwe kibao, kelele zianze, ziishe. Shangazi hakupiga. Alikuwa anautazama mkono wake, anaufungua na kuufumba.

"Nimeutukana mkono wangu njia nzima," akasema taratibu. "Nilianza kuuchukia, unajua? Mkono wangu mwenyewe."

Chiriku akalia. Si kile kilio chake cha kusikika mtaa wa pili. Machozi yalishuka kimya, yakadondokea kwenye beseni.

"Futa kamasi," shangazi akasema. "Chukua fimbo. Twende."

Chiriku akaibeba tena begani, kwa barabara ileile. Kwenye kona ya kinyozi Meno na wenzake walikuwepo, watu wale sijui walikuwa wanaishi pale. "Bendera hiyoo!" Chiriku hakukimbia. Alisema tu, "Ni fimbo ya shangazi yangu. Ya mikono miwili," akapita. Uso ulikuwa unamwaka vilevile, msidhani. Lakini aibu ile sasa ilikuwa ndogo ukiilinganisha na aliyokuwa nayo kifuani.

Dukani alimweleza fundi yeye mwenyewe, shangazi kasimama mlangoni. Fundi akavua miwani. "Na mimi nimo," akasema. "Kuuza mshipi bila kuiona fimbo, ule ulikuwa uvivu wangu." Akachukua mishipi miwili, wakatoka kiwanjani.

Wa kwanza ulikuwa mzito sana; fimbo ikajipinda mpaka mpinini, ikawa kama mtu aliyebebeshwa gunia la mwenzake. "Wengi wanadhani mzito zaidi ndio bora," fundi akasema. "Hapana. Unatafuta unaoikunja fimbo bila kuichosha." Akafunga wa pili, mnene na mfupi upande wa mbele, kwa ajili ya mto wenye miti nyuma. Shangazi akarusha. Fimbo ikakunjika, ikajikunjua, na mshipi ukatoka, fyuuu! ukalala chini umenyooka, mbali kule kwenye majani.

Shangazi akalishika bega lake kwa mkono mwingine, kama mtu anayemwomba rafiki radhi.

Kambini walimkuta mjumbe anajiandaa kwenda kumwita yule kijana, kiatu kimoja kimeshavaliwa. Wapagazi walikuwepo, na wageni wawili wanakunywa chai. Chiriku akamtazama shangazi, akitumaini atasemewa. Shangazi akatazama mto. Basi akasema mwenyewe, yote, kuanzia tangi mpaka kiatu kisicho na kamba.

Mwenye kambi akakunja uso. "Kwa hiyo nilikaribia kumwondoa mtu kazini kwa uongo wako?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Si mimi wa kuombwa peke yangu." Akamgeukia shangazi. "Haya, mama. Rusha."

Shangazi akaingia majini. Mara ya kwanza mshipi ulifika katikati ya mto. Mara ya pili inzi wa manyoya alitua ng'ambo, chini ya majani, taratibu kama ametua mwenyewe. Yule mpagazi aliyekohoa asubuhi safari hii akapiga makofi. Mwenye kambi akamwambia mjumbe, "Vua kiatu." Na kwa shangazi, "Jumatatu asubuhi, usichelewe."

Walirudi jioni, wakampitia na fundi dukani, maana bibi alikuwa amepika viazi na maharage vya kulisha kijiji. Wote wakanawa, wakakaa, isipokuwa Chiriku. Yeye alisimama mlangoni, anachezea bawaba. Aliona hastahili kukaa na watu aliowadanganya.

Shangazi akamwita. "Sikiliza, mwanangu. Kuchekwa na Meno kunauma, najua. Kukosea mshipi ni jambo dogo. Ungeniambia jioni ileile, tungecheka, kesho yake tungeubadilisha. Lakini uliponyamaza, kosa lako nililibeba mimi nikidhani ni la mkono wangu, na karibu niache kazi ninayoipenda. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaanza kujilaumu kwa ajili yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Hata leo umechelewa. Lakini umesema, na mbele ya watu. Hilo nimeliona."

Chiriku bado kasimama, macho chini.

"We mtoto," bibi akasema, "umegeuka mlinzi wa benki? Fundi ana njaa, mimi nina njaa, na hakuna anayeanza mpaka ukae."

Akasogezewa mkeka kati ya bibi na shangazi. Akakaa. Uso ulikuwa bado una moto, na hakuna aliyemtazama sana, wakamwachia nafasi. Shangazi akaishika sahani ya viazi kwa mkono ule wa bega, akampakulia yeye kwanza, kisha wote wakaanza kula.