Kengele ya Chumba Namba Nne

Kilichomshtua Nerima kwanza kilikuwa kisahani.

Kwao hawakuwa na visahani. Mama yake, Roselyne, alikunywa chai kwa kikombe cha bati chenye picha ya jogoo, na mgeni akija, hata akiwa pasta, alipewa kingine kama hicho. Lakini Ijumaa hiyo Nerima alipotoka chuoni na mkoba begani, alimkuta mama yake jikoni mwa Nyumba Kubwa akipanga trei. Kikombe chembamba chenye maua. Kisahani. Vipande viwili vya mkate, kingo zimekatwa.

"Mum, sasa. Tuna wageni?"

"Hapana."

"Na hiyo chai ni ya nani?"

Roselyne akaitazama trei kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Ya namba nne," akasema, akapanda ngazi.

Namba nne kilikuwa chumba cha kulala ghorofani. Hakikuwa na mtu. Hakikuwa na mtu tangu kabla ya Uhuru.

Nyumba Kubwa ilisimama katikati ya mashamba ya ngano, kando ya barabara itokayo Njoro kupanda Mau. Mlowezi mmoja aliijenga, wakulima wa ushirika wakaigeuza ghala la mbolea, kisha ikawa ya popo. Roselyne, ambaye babake aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka magharibi, aliajiriwa kuilinda. Aliishi na binti yake katika vyumba viwili vya nyuma, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyejali hata kama paa lilikuwepo.

Halafu Ulaya ikakumbuka. Kulikuwa na mfuko huko wa kulinda urithi wa kale, makanisa na majumba kutoka Lisbon hadi Helsinki, na sasa mfuko huo ulikuwa umetenga fedha kwa ajili ya nyumba za Kizungu zilizosahaulika nje ya Ulaya. Wakamtuma Annelies, mhifadhi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na mifuko iliyojaa brashi.

Nerima alikuwa msemaji mkali kuliko wote katika mdahalo wa chuo, na hakumwacha apumue.

"Nyumba yenu inatafutwa mpaka Njoro ipigwe msasa," alimwambia siku ya kwanza. "Vitu vyetu vilivyo kwenu hata kutoka kabatini vinaomba viza."

"Urithi ni urithi, Nerima. Mimi sichagui. Narudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

"Kilivyokuwa kwa nani?"

Annelies akamkaribisha biskuti. Ndiyo shida yake. Alikuwa mtu mzuri. Kumchukia kulihitaji bidii.

Na kweli alirudisha kila kitu. Alirudisha rangi, vitasa, hata ubao wa kengele uliokuwa juu ya mlango wa jikoni: kengele sita, kila moja na namba, kila moja na waya unaopita ndani ya ukuta hadi chumbani, ambako palikuwa na kamba kando ya kitanda. Bibi wa nyumba akivuta kamba, mtu wa jikoni anapanda. Kiarie, fundi wa mjini Nakuru, ndiye aliyefungua ukuta. Akakuta nyaya zote sita zimekatwa. Hazikuliwa na kutu. Zilikatwa kwa koleo. Na kila ncha ilikuwa imefungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, mweusi kwa mafuta, umekazwa mafundo matatu.

"Madam, hii ni maneno ya wazee," Kiarie alisema akirudi nyuma. "Wacha tufunike vile ilikuwa."

Annelies akavaa glavu. Akazipiga picha kanda zote sita, akatia kila moja katika mfuko wake wenye namba, akazituma Ulaya zikachunguzwe. Kiarie akaunga nyaya, kwa sababu ana watoto na kazi ni kazi.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya kisahani.

*

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika moja, Nerima alikuwa jikoni akijifanya anasoma. Mama yake alikuwa akimenya viazi. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na nje trekta lilikuwa likinguruma kwenye ngano. Hapakuwa na lolote la kuogopesha.

Kisha ukuta ukakwaruza.

Ilianzia juu. Sauti nyembamba, ya waya unaovutwa mahali ambapo hakuna wa kuuvuta. Ikashuka ukutani taratibu kama kucha. Kengele ya nne ikatikisika mara moja.

Roselyne akaweka kisu chini. Mgongo wake ukapinda kidogo. Alipofungua mdomo, Kiswahili kilichotoka si chake.

"Ndiyo, memsaab. Meri nakuja."

"Meri nani? Mum!" Nerima akamshika mkono. Ulikuwa baridi, na ulikuwa na nguvu ya kumburuta.

Akamfuata ngazini, na kila ngazi waliyopanda harufu ilizidi, harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na juu yake sabuni ya waridi, tamu, nzito, ya kutia kichefuchefu, ingawa nyumba hiyo haikuwa na mbwa na sabuni pekee ilikuwa ya mche ya kufulia, na mlango wa namba nne ulipofunguka aliona kitanda kilichotandikwa vizuri na Annelies kwa shuka nyeupe, na kwenye shuka hiyo bonde, bonde la ukubwa wa mtu, ambalo alipokuwa akilitazama lilisogea taratibu kuelekea upande wa trei, jinsi mgonjwa anavyojigeuza apokee kikombe.

Roselyne alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kichwa chini. Anangoja kuruhusiwa.

Ilichukua dakika kumi. Chai iliyopanda ikifuka moshi ilishuka na utando juu, baridi kama iliyolala nje.

"Mum," Nerima alinong'ona jikoni, "uliona nini?"

"Wapi?" Roselyne akachukua kisu, akaendelea na viazi. "Mbona umenishika hivyo? Unaniumiza."

*

Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Waliimba, walipiga makofi, walipaka mafuta vizingiti vyote. Saa kumi ilipofika, kabla ya amina, Roselyne alisimama katikati yao akaenda kutafuta kisahani.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa ameacha kula. Magoti yalivimba kwa ngazi. Ukimwita Roselyne, hageuki. Ukimwita Meri, anasimama.

Ni Kiarie aliyempeleka Nerima kwa mzee Kahiga, jirani mkavu wa maneno aliyeuza maziwa kando ya barabara, ambaye babake alikuwa mtumishi wa Nyumba Kubwa. Walimkuta akimgombeza ng'ombe.

"Mimi si mganga," alisema kabla hawajaketi. "Mimi ni mtu wa maziwa. Kama ni mganga, endeni kwa hao wa mabango."

"Mzee, ni mama yangu. Anaitwa na kengele."

Kahiga akaacha kukamua. Akatazama huku na huku, akateremsha sauti. "Namba ngapi?"

"Nne."

"Nani mjinga ameunga waya?"

Kiarie akatazama viatu vyake.

"Huyo memsaab, mama Mzungu wa ile nyumba," Kahiga alisema, "kila mwanamke wa jikoni alimwita Meri. Uwe Nyakio, uwe nani, ni Meri, ndio asijisumbue. Akafa kitandani, mkono kwa kamba. Wakazika. Siku ya pili, saa kumi, kengele ikalia. Kulikuwa na msichana wa Olenguruone, Chepngeno. Akapanda na chai. Akapanda miezi minne. Siku moja wakamkuta kwa mlango wa namba nne na trei mkononi. Amekufa. Na amesimama, msichana. Hakuanguka. Alikuwa hajaambiwa aende."

Nerima akamsogelea. "Ni jini?"

"Wewe mwite unavyotaka, ndio umesoma. Baba yangu alisema ni tabia. Mtu akiita miaka arobaini na akaitikiwa, akifa tabia haifi. Nyumba sita za wafanyakazi zikatoa mbuzi sita, wakala kiapo hakuna mtu wa kwao ataitika tena, wakakata na kufunga. Ile ngozi ndio ilikuwa mlango."

"Basi tuchinje mbuzi mwingine."

"Wale wa kiapo wote wako chini ya mchanga. Ukichinja leo hiyo ni nyama choma tu." Akarudi kwa ng'ombe. "Zitafuteni zile ngozi. Na usijaribu kukata bila ngozi, unaskia? Ukikata bila kufunga, inamtafuta aliyekata."

*

Nerima aliandika barua pepe kumi na moja. Alijua kuandika. Alieleza kiapo, akamtaja Chepngeno, akaomba ukanda mmoja tu, wa namba nne. Annelies naye, macho mekundu baada ya kumwona Roselyne akipanda ngazi kwa mikono na magoti, trei akiisukuma mbele yake, alipiga simu usiku na mchana.

Jibu lilikuja kutoka ofisi yenye heshima nyingi. Walisikitika. Vitu hivyo sasa viko chini ya ulinzi. Kuvirudisha ili vitumike kungevihatarisha. Kamati itakaa baada ya miezi tisa. Wakaambatisha picha: ukanda wa namba nne kwenye kitambaa cheupe, na kikaratasi chini yake. *Ukanda wa ngozi. Matumizi: hayajulikani.*

"Hayajulikani!" Nerima alipiga meza. "Nimewaambia mara kumi na moja!"

"Najua," Annelies alisema kwa sauti ya chini. "Niliuandika mimi huo mstari, kabla sijajua. Nimeomba wabadilishe."

"Na?"

"Kuna fomu."

"Basi uondoe kengele. Leo."

"Siruhusiwi kugusa hadi baada ya ufunguzi. Ni Alhamisi tu, Nerima. Siku mbili."

Siku mbili. Roselyne alikuwa hajameza kitu tangu Jumapili.

*

Alhamisi wageni walijaa jikoni, mabwana wa suti kutoka Ulaya na wakubwa wa kaunti, wakishika glasi za juisi. Annelies alikuwa amemfungia Roselyne katika chumba cha nyuma na kumweka mwanamke wa kanisa mlangoni. Mgeni mmoja, mzee mcheshi, akasoma ubao wa kengele. "Ajabu! Bado zinafanya kazi?"

Saa kumi.

Ukuta ukakwaruza, na safari hii wote walisikia, wakatabasamu, wakadhani wameandaliwa maonyesho, na kengele ya nne ikalia, ikalia tena, ikaendelea kulia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa chai, na kule nyuma mlango ukavunjika, na Roselyne akapita katikati ya suti na glasi, miguu mitupu, mifupa ya uso imechomoza, mikono imeshika trei ambayo hakuna aliyemwona akiichukua, na wageni wakampisha, mmoja akapiga makofi, simu zikainuliwa juu, na Nerima akaona kwamba mama yake hapumui kama watu wanavyopumua bali anavuta pumzi moja kwa kila ngazi, na kwamba ngazi zilikuwa kumi na sita na pumzi zile hazingefika.

"Kiarie! Koleo!"

"Ai, Nerima, mzee alisema..."

"Lete!"

Alipanda juu ya meza yao ya keki, koleo mkononi, akaufikia waya wa nne. Harufu ya mbwa ikamjaa puani, sabuni ikamjaa mdomoni. Alijua alichoambiwa. Aliamini nusu. Akatazama ngazini. Mama yake alikuwa amefika ya kumi na mbili.

Akakata.

Kengele ikakoma. Trei ikaanguka. Kikombe cha maua kikavunjika ngazi hadi ngazi mpaka chini. Roselyne akakaa palepale, akaangalia mikono yake, akaangalia watu.

"Nerima?" akaita kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona umesimama juu ya chakula ya watu?"

*

Roselyne alipona. Annelies alizing'oa kengele zote sita kabla ya kurudi kwao, na barua ya onyo aliyoandikiwa alimtumia Nerima picha yake, bila neno. Jogoo wa bati alirudi mezani, na saa kumi mama alikunywa chai yake miguu juu ya stuli. Nerima alimchunga wiki tano. Hakuona kitu. Akarudi chuoni.

Mdahalo wa mwisho wa muhula ulijaza ukumbi. Hoja: vitu vya kale virudishwe vilikotoka. Rafiki yake Shantel alikaa mstari wa mbele. Jerry, mtunza muda, alikuwa amechoka kugonga glasi kwa kijiko. Siku hiyo alikuja na kengele ndogo ya mezani aliyoinunua mjini.

Nerima aliwaka. Ukumbi ulipiga meza. Aliwauliza wapinzani ni nani aliyewapa haki ya kuandika hayajulikani chini ya kitu ambacho wenyewe wako hai na wanakijua. "Na mimi siombi," alisema, kidole juu, "mimi natoka katika nyumba ambamo watu walikula kiapo kwamba hawata..."

Jerry akagonga kengele. Mara moja. Imebaki dakika.

Nerima akanyamaza. Kidole kikashuka. Mgongo wake ukapinda kidogo, mikono yake yote miwili ikapanda hadi kifuani, viganja juu, sawasawa.

"Ndiyo, memsaab," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nerima, bana! Huyo ndiye Nerima wao, hata kejeli aliigiza. Wakapiga meza, wakapiga mbinja. Shantel peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa karibu na alishaanza kujiuliza ni nani aliyeingia na mbwa aliyelowa.

"Meri nakuja."

Akaanza kushuka jukwaani, polepole, akielekea mlangoni, macho hayatoki kwenye mikono yake mitupu, akichunga chai isimwagike.