Kijiko Kinachosikia Joto

Kibonge alipoanza kula uji, mama yake alirudi kazini kwenye duka la nguo. Baba yake, fundi wa kulehemu, alibaki nyumbani kulea. Moto wa karakanani ulikuwa umemuunguza mikono yote miwili. Vidonda vilipona, lakini ngozi ilibaki na ganzi. Hakujua tena moto wala baridi.

Asubuhi moja alishika bakuli la uji, akaona limepoa. Akamlisha mwanawe. Kibonge akapiga yowe.

Baba alimbeba mbiombio hadi kwa jirani yao, muuguzi. Muuguzi alimtazama mtoto mdomoni.

"Ameungua kidogo tu. Atapona."

Jioni, Baba Kibonge alimwambia mkewe, "Tafuta mtu mwingine. Mikono hii si ya kulea."

"Mtu mwingine yupi? Mwanao akiamka analia, mimi mwenyewe hanitaki. Anakutaka wewe."

Baba aliitazama mikono yake. Machozi yalimlengalenga.

Kesho yake muuguzi alikuja na kijiko cha buluu. Akakichovya kwenye uji wa moto. Ncha yake ikawa nyeupe!

"Makubwa! Uchawi huo?" Baba aliuliza.

Muuguzi akacheka. "Uchawi wapi, shemeji! Kimepakwa rangi maalumu, nyembamba kama rangi ya kucha. Ikipata joto kali hugeuka nyeupe. Ikipoa, inarudi buluu."

"Kwa hiyo nikiona nyeupe, nisubiri?"

"Ndiyo. Koroga uji vizuri, kwa sababu katikati huchelewa kupoa. Kisha onja kidogo kwa kijiko chako. Usitegemee rangi peke yake."

Baba alichukua waya wa kusugulia sufuria ili akioshe.

"Weka chini waya huo!" muuguzi alisema. "Utaikwangua rangi yote. Tumia sabuni na kitambaa laini. Siku kikiacha kubadilika, usikitumie tena."

Asubuhi iliyofuata, Kibonge alikaa akigonga meza kwa njaa. Baba alichovya kijiko. Nyeupe.

"Subiri, baba. Kijiko bado kinatukatalia."

Alikoroga, akapuliza, akachovya tena. Buluu. Akaonja kwa kijiko chake. Kisha, polepole, akampelekea mtoto uji mdomoni.

Kibonge akameza. Akaachama tena, kama kifaranga.

"Haya, mlafi wangu!" Baba alicheka, uji ukamdondokea gotini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alichukua mkoba wake, akaenda kazini bila kugeuka nyuma.