Vibanio Vilivyopanda Bila Makofi

Siku ile mjinga alikuwa Asilimia, na hadi leo cheo hicho hamwachii mtu mwingine. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepewa kazi ya kufuatilia malengo ya shule. Jina hilo walimbandika wenzake, kwa kuwa hata chai aliisifu kwa asilimia.

Jumatatu saa moja asubuhi alifungua darasa la kusoma. Madirisha yalikuwa yamefungwa, harufu ya rangi mpya ikampokea, kisha akaganda mlangoni.

Ukutani kulikuwa na kamba tatu, na kila mtoto aliyesumbuliwa na kusoma alikuwa na kibanio chake cha nguo. Kamba ya chini ilikuwa ya herufi, ya kati ya maneno, ya juu ya kifungu kizima. Mtoto alipanda baada tu ya kusoma mbele ya wenzake, nao wakampigia makofi. Akifika juu, alirudishwa darasa la wengi, msaada ukaishia hapo.

Ijumaa kamba ya juu ilikuwa tupu. Sasa vibanio vyote vilikuwa huko, hata cha yule binti aliyeanza juzi tu kutamka jina lake. Kimoja tu, chenye utepe wa buluu, kilibaki kwenye herufi.

Na makofi hakuyasikia mtu.

Asilimia hakujipa hata nafasi ya kufikiri. Alikwenda chumba cha walimu, akamvaa mwalimu wa kusoma mbele ya watu.

"Dada, wakaguzi wanakuja kesho, na watoto wako wamepona wote kwa mwisho wa wiki mmoja. Umewapa dawa gani?"

Yule mama akaweka kikombe chini. "Twende ukanionyeshe hao waliopona."

Darasani alisimama chini ya kamba, akanyoosha mkono. Vidole viliishia kwenye ile ya kati.

"Pale juu huwa napanda dawati. Hebu liguse."

Asilimia aliligusa, rangi ikamnata kidoleni. Madawati yote yalipakwa rangi Ijumaa jioni, pamoja na kiti cha mwalimu. Akazunguka akiinamia kila moja: hakuna alama ya kiatu popote.

"Aliyevipandisha alisimama sakafuni, kaka. Warefu wa kiasi hicho hapa ni wawili, wewe na Mkuu wa shule. Nianze na wewe?"

Asilimia akajifuta rangi kidoleni. "Nimekosa, dada. Asilimia mia."

"Hiyo ndiyo mia pekee ya kweli kwenye chumba hiki."

Asilimia akakitazama kile kibanio chenye utepe wa buluu. "Na huyu aliyesahauliwa ni nani?"

"Mjukuu wa Mkuu. Kaletwa muhula huu, analala kwake."

Hapo aibu ilimtoka Asilimia, hasira ikakaa mahali pake.

Mkuu walimkuta ofisini akinyoosha tai.

"Mkuu, jana ulikuja shuleni?" Asilimia akauliza.

"Nilikuja kuangalia rangi. Kwani vipi?"

"Vibanio vimepanda."

"Labda upepo."

"Madirisha yamefungwa. Na upepo gani huo unaomjua mjukuu wako, ukampita?"

Mkuu aliketi polepole. "Tuliahidi kila mtoto atasoma kabla ya muhula kuisha. Mlitaka wakaguzi wakute kamba tupu?"

"Mbona cha mjukuu hukukipandisha?"

"Yule bado... anahitaji msaada."

"Na yule binti hauhitaji?" Asilimia akaiinamia meza. "Ulijua fika hawajui kusoma. Watoto wa watu warudi wakakodolee ubao wasiouelewa, wako abaki na mwalimu mzima peke yake. Umeiba masomo yao, Mkuu, ukampelekea mmoja nyumbani kwako."

"Chunga ulimi, mwalimu. Mimi nalinda jina la shule hii. Nimelijenga kwa jasho langu."

Mwalimu wa kusoma, aliyesimama mlangoni, akasema taratibu:

"Jina la shule limeandikwa getini, Mkuu. Mjukuu wako anapita chini yake kila asubuhi, na bado hawezi kulisoma."