Mtoto Asiye na Uzi

Rafiki yangu fundi cherehani si mtu wa porojo. Angekuwa, nisingejisumbua kuwasimulia haya. Mbwa wake alizaa watoto watano stoo, nyuma ya nyumba. Fundi akamfunga kila mmoja uzi wa sufi shingoni, kisha akatundika kamera inayoona gizani, awe anawatazama kwenye simu akiwa dukani.

Mchana mmoja wifi yake, anayemsaidia kushona vifungo, aliiinamia simu hiyo.

"Wifi, mbona wako sita? Huyu wa pembeni hana uzi."

"Badilisha miwani, wifi yangu," fundi akacheka. Akatazama mwenyewe. Kicheko kikakatika.

Akamwachia wifi simu yake, akachukua ya wifi, isiyo na tochi, akakimbilia nyumbani. Stoo haina dirisha na taa ilikuwa imeungua. Akafunga mlango watoto wasitoke, akaketi sakafuni, akapapasa shingo moja moja. Uzi, uzi, uzi, uzi, uzi. Akapiga simu dukani.

"Ni watano tu, wifi."

"Sita," wifi akajibu. "Wa sita si huyo uliyempakata?"

Fundi akapeleka mkono mapajani. Hapakuwa na kitu. Ndipo akamsikia mbwa akijikokota gizani kuja kwake. Akahisi pumzi yake ya moto juu ya magoti. Mbwa akaanza kulamba taratibu, kama anavyowalamba watoto wake, na ulimi wake haukugusa gauni hata mara moja.