Pini ya Zizi la Ndama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dancille alifungia ndama katika zizi lao dogo ili mama zao wakamuliwe kwanza. Ndama akitangulia kunyonya, bidoni, yaani dumu la maziwa, hubaki nusu. Baada ya hapo aliosha mabidoni kwa maji ya moto na kuyapanga kando ya barabara, na baba yake, Jean-de-Dieu, aliyemwita Papa, akayapakia kwenye pikapu yao ya zamani. Hivyo ndivyo maziwa yao na ya majirani wa vilima vya Nyamitaba, huko Masisi, yalivyoshuka mpaka mji wa Sake. Maziwa hayangoji mtu. Hata mvua ikinyesha, hata gari likiugua, ni lazima yashuke, la sivyo yanachacha.

Msimu ule pikapu ilikuwa na sauti. Kila gurudumu la mbele lilipoingia shimoni, kitu kiligonga chini yake, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Usukani, ambao Papa aliuita volan, nao ulizunguka kidogo bure kabla magurudumu hayajatii. Papa alijua sababu. Viungo vya chuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, ambavyo mafundi huviita rotule, vilikuwa vimelika. Alikuwa amekwisha kununua vipya, kimoja cha kila upande, pamoja na pini zake. Vilikaa chini ya kitanda ndani ya karatasi yake, kwa kuwa hakuweza kuvifunga.

Nyumba ilikuwa na msiba. Rugamba, kaka mkubwa wa Emérita, mama yake Dancille, alikuwa dereva pia. Gari lake lilitoka barabarani kwenye kona iliyo chini ya mikaratusi, likaanguka bondeni. Aliyepona ni Magloire peke yake, kijana aliyekuwa akipakia mizigo yake. Wakati wa kilio Magloire alikaa mbali na wengine, kichwa chini, na hakuna aliyemsikia akisema neno. Katika ukoo wa Mama, nyundo haipigwi nyumbani kabla kilio hakijaondolewa, yaani kabla siku za maombolezo hazijafungwa, na rotule iliyolika haitoki bila nyundo. Kwa hiyo Papa aliendelea kuendesha polepole, na sauti ile iliendelea kubisha. Watu walikwisha kuiita kona ile Kona ya Rugamba. Kila walipoipita, waliokuwa garini walinyamaza.

Siku iliyofuata baada ya kilio kuondolewa, Papa alirudi mapema kutoka Sake, akatoa nyundo.

Aliinua mbele ya gari kwa kriki, yaani jeki, akasukuma magogo chini yake ili lisimwangukie, akatoa magurudumu. Dancille alipewa kazi ya kushika vitu vidogo. Aliviweka ndani ya kifuniko cha bidoni, na Papa alimwambia asiondoke hapo, kwa maana kitu kidogo kikipotea katika matope ya Masisi hakionekani tena. Kisha alipiga. Mlio wa chuma ulivuka uwanja, ukaenda mpaka ng'ambo ya kilima. Mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliinuka na kuingia ndani.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Papa alichora alama ya chaki pale rotule ya zamani ilipokuwa, ili mpya isimame mahali pale pale na magurudumu yasielekee upande. Alikaza nati, akatafuta tundu dogo lililopenya msumari wa rotule, akapitisha pini, akaikunja miguu yake miwili, mmoja huku na mwingine huku. Alimwita Dancille ainame aone.

"Njia yetu iko mubaya," alisema. "Inatikisa nati mpaka inajifungua yenyewe. Hii pini njo inaikataza. Bila pini, siku moja unageuza volan, gari inaenda kwenye inataka."

Akahamia upande wa pili. Hapo ndipo nyundo ilipoteleza ikampiga kidole gumba.  Alikaa chini, akakifunga kwa kitambaa, na damu ikaanza kupenya.

Wakati huo Colette, binti wa jirani, alikuwa ameegemea uzio akitazama. Alikuwa na mdomo mwepesi, na shuleni wengi walimwogopa kwa hilo.

"Dancille, umekuwa fundi? Watakuolesha mu garaje. Mahari itakuwa pneu tatu za gari na batri."

"Na wewe watakuolesha sokoni, sababu ya kelele," Dancille alimjibu.

"Sawa. Lakini ndama yenu iko inatoka."

Ilikuwa kweli. Kijiti kilichofunga mlango wa zizi kilikuwa kimevunjika, na ndama mwenye paji jeupe alikuwa amekwisha kutoa mabega. Dancille alikimbia na kifuniko mkononi. Alimsukuma ndama ndani, akatafuta kijiti kingine, hakukiona. Katika kifuniko pini iliyobaki ilimtazama. Ilitosha kabisa katika matundu ya komeo. Aliichomeka, akajiambia ni kwa muda mfupi tu, halafu akasimama na Colette kuzungumza habari za shule.

Papa alipoita, mlango wa zizi ulikuwa wazi na ndama alikuwa akinyonya. Pini haikuwapo. Dancille alipiga magoti akapekua matope na samadi kwa vidole vyote. Mvua ilianza kudondoka. Papa aliita mara ya pili, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye maumivu.

Uzio wa malisho ulikuwa wa waya wa miiba, mkuukuu, wenye kutu. Dancille alikata kipande kwa kukipinda huku na huku, akakinyoosha kwa jiwe, akarudi.

Kumbe Papa hakuweza tena kushika kitu chembamba kwa kidole kile. Alikuwa amekaza nati, na kwa kuwa tundu la msumari halikulingana na mianya ya nati, aliilegeza kidogo badala ya kuikaza zaidi, maana mkono ulimuuma. "Vidole vyako viko vidogo," alimwambia. "Ingiza wewe." Aligeuza uso, akipangusa maji ya mvua machoni. Dancille alipitisha waya.

"Umekunja miguu yake?"

"Ndiyo, Papa."

Akapaka grisi juu yake bila kutazama. Alirudisha magurudumu, akashusha gari, akalizungusha uwanjani kwenye mashimo yote. Hakuna kilichobisha. Mama alitoka mlangoni, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulilegea.

"Imenyamaza," alisema.

Walipokuwa wakila, Mama alisema kwamba kesho angeshuka nao Sake, ampeleke mtoto mdogo, Luc, apate chanjo. Sasa hakuwa na hofu ya njia ile. Dancille alifungua mdomo. Lakini Papa alikuwa akimsimulia Mama jinsi binti yao alivyoifunga pini mwenyewe, kwa mikono isiyotetemeka, na Mama alimtazama Dancille kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa siku nyingi. Dancille alimeza tonge. Waya pia ni chuma, alijiambia. Hauliki. Lakini hakumaliza ugali wake.

Asubuhi ukungu ulifunika kilima chote. Mama alikaa mbele akimpakata Luc ndani ya blanketi. Papa alipakia mabidoni, akawasha taa, na gari likaingia katika ukungu kama kitu kinachomezwa. Sauti yake ilisikika kwa muda, kisha ikapotea. Ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na shule ya kukimbilia.

Dancille alikwenda kurekebisha mlango wa zizi. Katika alama ya kwato ya ndama, mvua ilikuwa imekusanya maji, na ndani ya maji yale kitu kiling'aa. Alikiokota. Ilikuwa pini, imepinda kidogo tu. Alitazama uzio, mahali alipokata waya. Kipande kilichobaki kilikuwa kikining'inia. Alikishika, akakipinda mara moja. Kilikatika vidoleni mwake kama kijiti kikavu, na ndani yake kilikuwa chekundu kwa kutu.

Simu ya Papa ilikuwa mezani, imezimika, ikingoja jua liwake kwenye paneli ya sola. Dancille alibana pini mkononi akakimbia.

Barabara ya kushuka ilizunguka kilima, na gari husimama kila palipo na mabidoni ya majirani. Anayekata malisho moja kwa moja huweza kulifikia, asipoanguka. Dancille alianguka. Aliruka nyaya za uzio, sketi yake ikachanika. Ng'ombe walitokea ghafla ndani ya ukungu, wakubwa na weusi, wakamtazama, wakabaki nyuma. Alisikiliza kila alipovuta pumzi. Aliogopa kusikia gari, na aliogopa zaidi kutolisikia. Chini yake, mikaratusi ya Kona ya Rugamba ilianza kuonekana, vichwa tu, bila miguu.

Gari lilikuwa limesimama kwenye kituo cha mwisho cha maziwa kabla ya kona. Papa alikuwa amekwisha kupanda. Mlango wake ulifungwa, injini ikanguruma.

Dancille alishuka ukingo kwa makalio, akasimama katikati ya barabara mbele ya taa.

Papa alizima injini. Alishuka akiwa na hasira, akauliza kama anataka kufa. Dancille alimnyooshea mkono. Alifungua kiganja. Papa aliichukua pini, akaigeuza.

"Hii imetoka wapi?"

"Niliipoteza. Kule niliweka waya ya uzio. Nilikudanganya, Papa."

Papa alirudi kwenye gari. Aliweka mawe mbele ya magurudumu, akalala chini ya gari katika matope. Dancille alisikia mkono wake ukifuta grisi. Papa aliponyoosha mkono nje, nati ilikuwa kiganjani mwake. Hakuwa ametumia ufunguo wa kufungulia nati. Aliitoa kwa vidole viwili. Waya haukuwapo kabisa.

Mama alishuka na Luc. Aliiona nati, akatazama kona iliyokuwa mbele yao hatua chache tu, akakaa juu ya jiwe. Luc alicheka akivuta kitambaa chake.

Papa alirudisha nati, akaikaza, na safari hii alikaza mpaka tundu likalingana. Kisha alimwita Dancille. Binti alidhani anaitwa kupigwa. Papa alimwelekeza chini ya gari, akamwambia aingize pini na kuikunja. Aliiingiza, akaikunja miguu yote miwili. Alipotoka, Papa aliinama akaangalia mwenyewe, akamwita na Mama pia aangalie.

"Hata mimi nilikosa," Papa alisema. "Nililegeza nati. Na sikuangalia."

Mama alimvuta Dancille karibu naye kwenye lile jiwe.  Kisha alizungumza polepole, macho yakiwa kwenye mikaratusi.

"Magloire alikuja kwangu siku ya kuondoa kilio. Aliniambia ile asubuhi ya ajali aliona volan ya mjomba wako iko inacheza. Aliona na nati moja imeanguka chini. Aliogopa kumwambia, sababu yeye njo alikuwa amesahau kuikaza. Akasema moyoni, tutafika tu."

Dancille alianza kulia.

"Lia, lakini sikia. Makosa yako ya kwanza ni ya mutoto: pini imepotea. Papa yako angekasirika, tungelala, kesho ingekuwa imekwisha. Ya pili njo inaua, ile ya kusema ndiyo wakati ni hapana. Aibu ya kusema ukweli inauma siku moja tu. Magloire hakuitaka hiyo siku moja. Sasa angalia siku zake. Angalia zangu. Wewe umekimbia ukaileta aibu yako mbele ya gari. Ukikosa tena, na utakosa, ilete mapema zaidi."

Alimfuta matope usoni kwa pembe ya kitenge, akamwinua.

Walipanda wote wanne mbele, wakibanana. Maziwa yalikuwa yamechelewa, na Papa hakuharakisha. Kwenye Kona ya Rugamba aligeuza usukani, na magurudumu yalitii mara moja. Kama kawaida hakuna aliyesema neno. Walipokwisha kuipita, Mama aliegemeza kichwa chake dirishani, akataja jina la kaka yake kwa sauti ya chini, na wakaendelea kushuka kuelekea Sake.